Orodha ya langoni: kisa cha ghala moja la chai Shimanzi

Kampuni yenyewe ni ya familia, na ina ghala moja Shimanzi, Mombasa. Kazi yake ni kuchanganya na kupakia chai. Chai inanunuliwa mnadani, inaletwa kwa lori ikiwa ndani ya mifuko ya karatasi, inachanganywa kulingana na anavyotaka mnunuzi, inapakiwa upya, inatiwa ndani ya kontena na kupelekwa bandari ya Kilindini. Mnunuzi wake mkubwa yuko Misri. Jina la kampuni nimeliacha, na mambo kadhaa yanayoweza kuwatambulisha wahusika nimeyabadilisha, kwa sababu niliruhusiwa kusimulia kisa, sikuruhusiwa kuwaanika watu.

Nilikuwa nimeitwa kama mshauri, kwa jambo dogo. Mkurugenzi, binti wa mwenye kampuni aliyeachiwa usukani baba yake alipoanza kuugua, alitaka semina ya siku moja kuhusu furaha kazini. Malalamiko ya mnunuzi yalikuwa yameongezeka: mifuko inapasuka mshononi, uzani unapungua, na safari moja kipande cha kamba kilikutwa ndani ya chai. Watu hawatulii. Walio hodari wanaondoka, wanaobaki wanafanya kazi ya kusukuma saa. Yeye mwenyewe alishajaribu alivyoweza. Alishonesha fulana zenye nembo, mwisho wa mwaka akawapikia biriani, na ukutani akatundika bango la maadili ya kampuni: uadilifu, heshima, umoja. Foklifti ikishapanga mifuko mistari minne, bango halionekani tena.

Semina haikufanyika. Kabla ya tarehe yake kufika, karani wa mishahara aligundua jambo ambalo lingeifanya kichekesho.

Chakula cha mchana ndani ya Ramadhani

Ghala hili lilitegemea vibarua, kama mengi ya jirani zake. Tangu mnada uhamishwe kutoka Nairobi mwaka 1969, chai ya Kenya na ya nchi za jirani, Uganda, Rwanda, Burundi na nyinginezo, inauzwa Mombasa, na kwa hivyo inalala Mombasa kabla ya kusafiri. Hapo inapolala inahitaji mikono, ila haihitaji idadi ileile kila siku. Kuna wiki kontena zinafuatana, na kuna wiki ghala limenyamaza kabisa. Njia iliyo rahisi kwa mwajiri ni kuchukua watu asubuhi na kuwaachilia jioni.

Basi kila alfajiri watu zaidi ya 100 walikuwa wakisimama langoni. Wa Likoni wamevuka na feri za mapema, wa Changamwe na Magongo wametembea kuokoa nauli. Nyapara hutoka na daftari, huita majina. Siku nzuri huita 60, siku mbaya 25. Wasioitwa hungoja hadi saa mbili hivi, pengine trela litaingia bila kutarajiwa, kisha hutawanyika.

Hayo yote mkurugenzi aliyajua. Asichokijua ni bei ya jina kuitwa.

Mpakiaji mmoja wa makamo alikuja ofisini kuomba malipo ya mapema, mtoto wake anaumwa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Karani, kijana mwenye roho nzuri na mapenzi makubwa ya mahesabu, akamwomba waangalie pamoja jumbe zake za M-Pesa waone pesa zinapotelea wapi. Zikaonyesha shilingi 100 kila jioni ya siku aliyofanya kazi, zikienda kwa mama muuza chakula mwenye kibanda karibu na lango.

“Ami, wewe si umefunga? Chakula hiki cha mchana anakula nani?”

“Mwanangu, hicho si chakula. Hiyo ni kazi ya kesho.”

Mama wa kibanda alikuwa akizipokea, akikata zake kidogo, akimkabidhi nyapara zilizobaki kila Ijumaa. Kwenye daftari lake aliandika “maharagwe”. Asiyelipa hakufukuzwa. Jina lake lilisahauliwa tu, siku mbili, siku tatu, mpaka na yeye akumbuke.

Mchana mmoja wa hasira

Mkurugenzi alipoambiwa, alimwita nyapara, akampa barua, akamtoa mchana huohuo mbele ya watu. Wengine walipiga makofi. Nilipokutana naye aliona kwamba ugonjwa umepatikana na umekatwa, na akaniuliza kama sasa tunaweza kuendelea na semina.

Wengi wanaosikia kisa hiki nao hudhani kimeishia hapo. Mwizi amekamatwa, bosi ni mwema, wafanyakazi wamefurahi. Mimi naona hapo ndipo kinapoanza.

Kwanza, Sheria ya Ajira ya 2007 kwenye kifungu cha 41 inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza kabla ya kumwachisha, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama ampendaye. Hilo linahitajika hata kama kosa ni kubwa. Nyapara hakusikilizwa. Barua ya wakili wake ilifika kabla mwezi haujakwisha, na kampuni ikalazimika kumwita tena, kumsikiliza kama ilivyopasa, na mwishowe kuachana naye kwa kumlipa haki zake.

Kusikilizwa kwenyewe ndiko kulikofumbua macho, maana nyapara aliongea. Alikuwa ameingia ghalani kama kibarua, akabeba mifuko mpaka mgongo ukakataa, akapewa daftari. Mshahara wake ulikuwa haujaguswa kwa miaka. Mzee alimwambia maneno ambayo hata binti yake alikiri kuwa ni ya baba yake kabisa: wewe unawajua watu wako, niletee watu wa kazi, mengine sitaki kuyajua. Basi hakuyajua. Pesa za Ijumaa hazikuishia mfukoni mwa nyapara zote, vilevile. Zilizika watu, zilisafirisha maiti kwenda bara, zilimtoa mmoja rumande. Waliomlipa walimchukia na walimtegemea, na sidhani kama wao wenyewe waliweza kutenganisha yale mawili.

Simtetei. Kuuza jina la mtu ni dhuluma, na hata mazishi hayaisafishi. Lakini kiti alichokalia kilichongwa na wenye kampuni. Mtu mmoja alipewa uwezo wa kumnyima mwenzake riziki bila kuulizwa na yeyote, akalipwa kidogo, akaambiwa wakubwa hawataki kusikia. Ukimwondoa huyo na kiti ukakiacha pale, atakayekikalia atakuwa yeye tena na jina jingine. Mkurugenzi alikuwa ameshamteua mrithi, kijana mwadilifu anayeswali swala tano. Nilimwambia mkurugenzi kwamba kijana huyo anaonewa.

Jambo la pili lilimshangaza zaidi. Sheria ya Hongo ya 2016 haihusu ofisi za serikali peke yake. Inagusa kazi yoyote mtu anayoifanya kwa sababu ya ajira yake, na inamtaka mwenye mamlaka katika shirika, la umma au la binafsi, aripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24 anapojua au kushuku hongo. Vilevile kampuni ya binafsi inatakiwa iwe na utaratibu wa kuizuia. “Lakini hii ni mia mia tu,” alisema, “tena ndani ya ghala langu.” Aliripoti baadaye, kwa kuchelewa. Utaratibu hakuwa nao.

Daftari za zamani

Kwa bahati, daftari za nyapara za miaka ya nyuma zilikuwa zimehifadhiwa. Karani alizimwaga mezani akaanza kuhesabu, na majina yakajirudia. Kulikuwa na watu waliofanya kazi humo siku tano au sita kila wiki, mwaka hadi mwaka, na kila jioni wakalipwa na kuagwa kana kwamba hawatarudi.

Kisheria kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mkupuo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinaongeza kwamba akishafanya siku mfululizo zenye jumla isiyopungua mwezi mmoja, au akiwa kwenye kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, hata daftari liandike vipi. Na akifululiza miezi miwili au zaidi anastahili masharti yote ambayo angeyapata kama angeanza kazi kwa njia ya kawaida: likizo ya mwaka ya siku 21 za kazi, malipo anapougua, notisi anapoachishwa. Kwa hivyo kampuni ilikuwa na deni kwa watu ambao haikuwa hata na nakala za vitambulisho vyao.

Mzee alipoelezwa alikuwa na hoja, tena nzito. “Mwanangu, chai ni meli, na meli si yako. Siku isipokuja utawalipa kwa nini? Mimi nimekaa na watu hawa miaka yote, hakuna aliyelala njaa kwa sababu yangu.”

“Baba, hatujui kama hakuna. Hatujawahi kuuliza.”

Nimeyarudia mazungumzo hayo mara kadhaa nikiwa na mameneja, na mara zote yamekuwa na mvuto kuliko nadharia yoyote ninayoweza kuwapa. Mzee si mtu katili. Alikuwa akitoa zaka, alikuwa akiwapa watu unga. Wema wake ulikuwa wa mkono kwa mkono, kwa anayemwona, na ghala likamshinda ukubwa. Uongozi wa maadili katika shughuli kubwa unataka kitu kingine kisicho na utamu wa sadaka, yaani taratibu zinazomlinda hata mtu ambaye bosi hamfahamu wala hampendi.

Walio nje

Mkurugenzi aliamua hivi. Watu 46 waliokuwa na siku nyingi zaidi kwenye daftari wangepewa mikataba ya mwezi, ya maandishi. Wengine 40 wangewekwa kwenye orodha ya akiba yenye namba, wakiitwa kwa zamu kwa ujumbe wa simu jioni ya siku iliyotangulia, ili asiyehitajika asipoteze nauli. Kigezo kilikuwa hesabu ya siku peke yake, na hesabu yenyewe ilibandikwa ukutani wiki nzima kila mtu aikague. Kulitokea ubishi wa majina mawili na ukasuluhishwa.

Waliobaki waliambiwa langoni wasije tena.

Nilikuwepo asubuhi hiyo. Kijana mmoja hakupiga kelele, alisogea tu mbele akamwambia mkurugenzi: “Mama, sisi tulikuwa tunalipa mia tupate kazi. Leo hata hiyo mia haitakiwi. Tumefaidika na nini?”

Hakupata jibu, na hata leo mimi sina jibu litakalomtosheleza. Mombasa inalijua swali hili tangu zamani. Bandari ilijengwa kwa mikono ya vibarua wa siku, na ugomvi juu ya ujira na hali zao ulizaa mgomo wa 1939, kisha ule wa Januari 1947 uliousimamisha mji mzima, ambao ndani yake ndimo chama cha wafanyakazi cha African Workers' Federation kilimozaliwa na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilimkamata na kumhamishia Kabarnet. Lakini serikali hiyohiyo ilikuwa imeshaona kwamba umati wa watu wasio na ajira ya kudumu ni hatari kwake, na katika miaka ya 1940 na 1950 vibarua wa bandarini wakasajiliwa, kazi ikawa ya walio kwenye orodha. Waliosajiliwa walipata nafuu ya kweli. Ambaye hakuwamo akakuta lango limefungwa kuliko zamani. Ghala la Shimanzi lilirudia jambo hilohilo kwa kipimo kidogo.

Visa vya maadili vinavyofundishwa madarasani huwa na upande msafi na upande mchafu, na shujaa huchagua. Hapa kulikuwa na madeni mawili. Wale 46 walidai kwa sheria na kwa jasho la miaka. Wale wa nje hawakudai kwa karatasi yoyote, ila maisha yao yalikuwa yamezoea kuhesabu zile siku mbili tatu za wiki. Naamini mkurugenzi alilipa deni lililostahili kutangulia, kwa sababu kuendelea kugawa kazi chache kwa watu wengi kulikuwa kunawafanya wote kuwa wanyonge mbele ya mtu mmoja mwenye daftari. Nisichokikubali ni namna walivyoambiwa. Taarifa ilikuwa tayari ofisini siku kadhaa kabla, na watu wakaachwa wavuke feri kuja kuisikia.

Kitu kimoja kilirekebishwa baada ya maneno ya yule kijana. Orodha ya akiba haikufungwa. Kila nafasi inapotokea inatangazwa, na majina yanachaguliwa kwa kura ya wazi hapohapo langoni, karatasi ndani ya ndoo, anayechomoa ni mtu wa nje. Yule kijana aliingia kwenye kura ya pili. Wengi hawakuingia.

Wagonjwa wapya

Ungetarajia furaha ianze mara moja. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya kununiana. Watu waliamini kuna hila imejificha ndani ya mikataba. Mmoja aliipeleka yake kwa imamu wa msikiti wa mtaani kwake aisome kabla ya kutia sahihi. Kisha watu wakaanza kuugua. Karani alileta takwimu za mahudhurio na mkurugenzi akachukia sana. “Nimewapa haki zao, na shukrani yenyewe ndiyo hii?”

Nilimwomba aangalie magonjwa yenyewe. Kifua, mgongo, macho. Kuchanganya chai kuna vumbi jembamba la rangi ya kahawia linalokaa kwenye nyusi, ndani ya masikio na kwenye mate. Mifuko ni mizito na mtu huinama nayo siku nzima. Hawa hawakuwa wamepata ugonjwa baada ya kupata mkataba. Walikuwa wakiugua wakiwa kazini, kwa sababu kulala nyumbani siku moja ilikuwa ni kumpa mwingine nafasi. Takwimu mpya zilikuwa ni habari za kweli zilizofika ofisini kwa mara ya kwanza. Barakoa nzuri zilinunuliwa wiki hiyo, na feni ya kunyonya vumbi ikafuata baadaye, baada ya kubishana sana na fundi juu ya bei.

Sasa uzi. Ghalani kuna mama anayeshona midomo ya mifuko kwa cherehani ndogo ya mkono inayoning'inia kwa kamba. Mfuko unakuja umesimama, anaukunja mdomo mara mbili kwa kidole gumba, anapitisha cherehani, anakata uzi, anaupiga mfuko kofi moja ubavuni. Mfuko ulioshonwa vizuri, anasema, unaitika. Wakati kampuni inahangaika na malalamiko ya mishono kupasuka na inafikiria kubadilisha mifuko yote, yeye alikuwa akijua siku zote kwamba tatizo ni uzi. Muuzaji alikuwa amebadilisha uzi ukawa mwembamba, wenye kukatika unapokutana na joto la kontena. Alisema hivyo kwenye kikao cha kwanza cha wafanyakazi, kwa sauti ndogo, akimtazama mwenzake badala ya mkurugenzi.

“Mbona hukusema mapema, mama?”

“Ningemwambia nani? Yule anayenichagua asubuhi?”

Ule uzi wa zamani ulirudishwa, na malalamiko ya mishono yakapungua hadi yakawa habari ya nadra.

Uzito wa kisa hiki kwangu uko kwenye jibu lake. Mkurugenzi aliniita nije kuwapa watu furaha na maana ya kazi, na huyu mama alikuwa nayo maana tele. Alikuwa na ujuzi, alikuwa na fahari, alijua mfuko mzuri kwa sauti yake. Alichokosa ni mahali salama pa kuuweka ujuzi huo. Kila asubuhi alitakiwa kuwa mtu asiye na tatizo na yeyote, na mtu wa namna hiyo hawezi kusema uzi ni mbovu, kwa sababu aliyenunua uzi ni mkubwa wa mtu. Kiongozi anayejiuliza atawapa nini wafanyakazi wake wafurahi angeanza kwa kujiuliza anawanyang'anya nini kila siku.

Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa utafiti mwaka 1959 ukionyesha kwamba yanayowaudhi watu kazini, kama usimamizi mbaya, sera na ujira, si yaleyale yanayowaridhisha, kama mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe. Mameneja wanapenda kumtumia kusema kwamba mshahara hauleti furaha. Wanasahau kuwa aliowahoji walikuwa wahandisi na wahasibu, watu wenye meza zao. Kwa mtu asiyejua kama kesho ataitwa, mkataba wa mwezi unageuka kuwa kutambuliwa kwenyewe. Mpakiaji mmoja aliweka nakala ya mkataba wake ndani ya plastiki, akaenda kuionyesha kwa mwenye duka aliyekuwa akimkopesha kilo ya sukari kwa masharti.

Lilikuja pia jambo la kuonja, nalo halikutoka kwa mshauri yeyote. Wafanyakazi waliuliza kwenye kikao kama chai wanayoifunga inanyweka vipi, kwa maana wao hunywa ya kibandani. Ofisini kuna chumba cha waonjaji, vikombe vyeupe vimepangwa mstari, anayeonja huvuta chai kwa sauti na kuitema. Mwonjaji aliwapitisha makundi kwa makundi, akawaonyesha tofauti ya BP1 na PF1, madaraja mawili ya chai, ndani ya kikombe, akaeleza kwa nini mnunuzi wa Misri anataka chai yenye rangi kali inayotoka haraka. Kuna aliyesema ladha ni ileile, watu wakacheka. Tangu siku hiyo maneno ya chumba kile yakaanza kusikika ghalani, na kamba ndani ya chai ikawa aibu ya watu wote. Adam Grant, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha jambo la jinsi hii katika utafiti aliouchapisha na wenzake mwaka 2007. Watu waliopiga simu kuchangisha pesa za chuo kikuu walikutanishwa dakika chache na mwanafunzi aliyefaidika, na mwezi mmoja baadaye muda waliokaa kwenye simu ulikuwa umezidi maradufu. Ninalitaja kwa tahadhari. Ziara ile ya vikombe ingefanywa wakati wa maharagwe ya Ijumaa, ingekuwa dhihaka. Zipo kampuni zinazopenda kuanzia huku kwenye vikombe kwa sababu ni rahisi.

Meli haikuja

Swali la Mzee lilipata siku yake. Kuanzia mwishoni mwa 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kuzishambulia meli kwenye Bahari ya Shamu, na Desemba makampuni makubwa ya meli yakaanza kuzipitisha meli zao Rasi ya Tumaini Jema. Kwa anayeuza Karachi njia ilikuwa palepale, kwa anayepeleka Misri kupitia bahari hiyo mambo yalivurugika. Kontena zilichelewa, nauli ikapanda, mnunuzi akasema tusubiri. Ghala likajaa chai iliyokwishafungwa, na watu 46 wa mwezi wakiwa wamekaa juu ya palati.

Mkurugenzi aliwaita wote akawafungulia vitabu. Si vyote, lakini vya kutosha: kiasi kilichomo benki, kiasi cha mishahara, miezi mingapi. Akasema kuna njia ya kuwapunguza watu, na sheria inaieleza, notisi ya mwezi mmoja kwa mhusika na kwa afisa wa kazi, na fidia isiyopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka. Kuna njia ya kupunguza siku za kila mtu. Na familia haitachukua faida mwaka huo, kwa njia yoyote watakayochagua. Walijadili hadi magharibi. Wakachagua siku nne kwa wiki kwa wote, ofisi ikiwemo, mkurugenzi mwenyewe akiwemo, makubaliano yakaandikwa na kila mtu akatia sahihi yake. Wenye likizo walizitumia. Siku mbili za kwanza zilitumika kupaka rangi paa na kurekebisha mifereji, kazi ambayo zamani ilipewa mtu wa nje.

Sitasema walifurahi. Watu walikuwa na kodi za nyumba na karo. Wawili waliondoka wakapata kazi kwingine. Walioumia zaidi ni wale wa akiba, ambao kwa wiki nyingi simu zao hazikulia, na kwenye mahesabu yaliyofunguliwa mezani wao hawakuwa na safu. Lilitajwa na mshonaji, nalo likaishia kwenye harambee ya hiari ambayo kampuni iliongeza sawa na kilichochangwa. Naona hapo kampuni iliponea chupuchupu. Orodha ya akiba ni ahadi, na ahadi isiyo na shilingi nyuma yake itakuja kuzaa nyapara mpya siku moja. Nimependekeza mfuko mdogo unaokatwa kwenye kila kontena linalotoka, uwe wa siku kama hizo. Mhasibu bado anapiga hesabu.

Mzee alifika ghalani katika kipindi hicho, akatembea na fimbo yake katikati ya mifuko, akasalimiana na watu kwa majina aliyoyakumbuka. Alimwambia binti yake kwamba yeye angewaachilia wote kisha angewapelekea unga. Binti akamjibu kuwa anajua.

Mara ya mwisho tulipoonana suala lilikuwa chama cha wafanyakazi. Fomu za uanachama zilikuwa zimeanza kupitishwa ghalani, na mkurugenzi alijihisi amesalitiwa. “Sisi hapa ni familia,” aliniambia, “chama cha nini?” Nikamkumbusha kwamba nyapara naye alikuwa akiwaita watu wake familia. Hakulipenda hilo. Kisha akauliza kama analazimika kukutana nao. Nilimjibu kwamba chama kikiwapata zaidi ya nusu ya wale wanaoruhusiwa kujiunga, sheria ya mahusiano ya kazi inamtaka akitambue, na kabla idadi hiyo haijafika hakuna kinachomzuia kuwaalika. Aliandika tarehe kwenye kalenda yake, Jumanne, saa nane mchana baada ya swala ya adhuhuri, akamtuma karani awaulize kama inawafaa.